Rufaa ya kaka yako aliyefungwa Moshi

Pole sana, dada. Umeuliza kama Mahakama Kuu itaita mashahidi upya kwa kuwa Mahakama ya Wilaya imemfunga kaka yako kwa wizi wiki iliyopita. Kwa kawaida haiiti. Jaji anasoma mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya hakimu ya kila alichosema shahidi, anaupima ushahidi upya, kisha anasikiliza hoja za pande mbili. Anaweza kufuta hukumu, kupunguza adhabu, hata kuiongeza, jambo ambalo wengi hulisahau.

Cha haraka ni notisi ya kusudio la kukata rufaa: siku 10 tangu hukumu. Akiwa gereza la Karanga, aiandikie humohumo na kumkabidhi mkuu wa gereza. Petisheni yenyewe, yaani hati yenye sababu za rufaa, ina siku 45 tangu hukumu, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu, kwa hiyo ziombeni leo kwa barua, mbaki na nakala yenye muhuri.

Je, alikiri kosa? Kama alikiri, kimsingi atapinga adhabu tu. Mkichelewa, ombeni kuongezewa muda, na sababu iwe ya maana; "hatukujua" haitoshi.