Filamu za Kihindi za miaka ya sabini: anza na Deewaar, na usiruke nyimbo

Vijana wa kwetu wakiniuliza waanzie wapi na picha za Kihindi za zamani, wengi huwa wameshajijibu wenyewe: Sholay. Nawaambia waiache kwanza. Si kwamba ni mbaya. Ni kubwa mno kwa mtu anayeanza, tena wengi wanataka kuitazama kwenye simu, ndani ya daladala. Ramesh Sippy aliipiga kwenye majabali ya Ramanagara, si mbali na Bangalore, ikaonyeshwa kwa milimita 70 ili ijaze ukuta wa ukumbi. Kwenye simu, wale majambazi wa Gabbar Singh juu ya farasi wanakuwa sisimizi.

Anza na Deewaar. Ilitoka Januari 1975, miezi michache kabla ya Sholay, na waandishi ni walewale wawili, Salim Khan na Javed Akhtar. Kisa chake hakihitaji ukumbi mkubwa. Baba ni kiongozi wa wafanyakazi. Analazimishwa kuwasaliti wenzake ili mkewe na watoto wasidhuriwe, kisha anatoroka kwa aibu. Watu wanamkamata mwanawe mkubwa na kumchanja mkononi maneno ya kusema kwamba baba yake ni mwizi. Mama anawakimbiza wanawe Bombay, anabeba zege ili wale. Mkubwa, Vijay, anakuwa kuli bandarini, halafu mtu wa magendo ya dhahabu. Mdogo, Ravi, anakuwa polisi. Hapo huhitaji mtu akueleze kitakachofuata, na bado utakaa ukingoni mwa kiti.

Aliyekulia Mombasa, Tanga au Zanzibar ataelewa haraka kwa nini Vijay anaishika ile beji ya kuli yenye namba 786, inayosimama badala ya Bismillahi. Mzee Mwislamu wa bandarini anamweleza heshima ya namba hiyo, na Vijay, ambaye kwa hasira hakanyagi hekaluni, anaitembeza mfukoni kama hirizi. Itazame hiyo beji mpaka mwisho. Sisemi zaidi.

Hasira ya Amitabh Bachchan, anayemwigiza Vijay, haikutoka hewani. India ya wakati ule bei zilikuwa zikipanda, vijana wenye vyeti hawana kazi, na Juni 1975 waziri mkuu Indira Gandhi akatangaza hali ya hatari. Salim na Javed walikuwa wameshamwandikia Amitabh hasira hiyo katika Zanjeer, 1973. Majina ya waandishi hayakuwa kwenye mabango siku hizo, basi wakamkodi mchoraji azunguke mjini Bombay kuyaandika mwenyewe. Baada ya Zanjeer, Amitabh aliitwa Vijay katika picha nyingi mno, na mimi nilipokuwa mdogo nilidhani ni mtu mmoja anayefufuka.

Sasa nyimbo. Hili ndilo nagombana nalo kila siku, maana kijana akiona ngoma imeanza, kidole kinakwenda kusogeza mbele. Usifanye hivyo. Kwenye Sholay, Gabbar amemfunga Veeru na kumwambia Basanti kwamba mpenzi wake ataendelea kupumua maadamu miguu yake Basanti inacheza. Jua kali, jiwe limewaka, na majambazi wanavunja chupa chini ya miguu yake. Ule wimbo ndio mateso yenyewe. Ukiuruka, umeruka sehemu ambayo uhai wa steringi unaning'inia kwenye visigino vya mwanamke, halafu utakuja kuniambia picha haina msisimko.

Pakeezah ya 1972 ndiyo ushahidi wangu mwingine, na hiyo uitazame usiku, kwa spika nzuri, si vile visikizio vya elfu mbili. Mwongozaji, Kamal Amrohi, aliihangaikia zaidi ya miaka kumi. Mwanamuziki wake, Ghulam Mohammed, alifariki kabla haijaisha, Naushad akamalizia. Nyota wake, Meena Kumari, naye alifariki Machi 31, 1972, picha ikiwa bado mpya kwenye kumbi. Sikiliza wimbo wa Chalte Chalte hadi mwisho: honi ya treni inaingia ndani yake, ileile treni ambamo mgeni asiyemjua alimwachia yule mwanamke anayeigizwa na Meena barua miguuni ya kusifu miguu yake. Mwishoni kabisa anacheza juu ya vioo kwa hiari yake, harusini kwa mwanaume anayempenda. Tazama hiyo na ya Basanti kwa wiki moja uone tofauti.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, hakujua Kihindi hata neno la salamu, lakini alitutafsiria kila mkanda wa video ulioingia nyumbani. Alitunga, bila shaka. Ila kwenye nyimbo alinyamaza na kuimba. Nadhani ndivyo pwani yote ilivyozichukua; Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi hayo.

Don ya 1978 ina damu ya kwetu kidogo. Mwongozaji wake, Chandra Barot, alikulia Tanzania na alifanya kazi benki Dar es Salaam kabla ya kwenda India. Picha ilitengenezwa kumwokoa mpiga picha Nariman Irani na madeni, naye akafariki kabla haijakamilika. Ule wimbo wa tambuu haukuwemo mwanzoni. Manoj Kumar, mwigizaji na mwongozaji, aliitazama akasema watu wapewe pumzi kidogo nusu ya pili, wakauongeza, na Kishore Kumar akauimba utadhani mdomo umejaa tambuu kweli. Angalia Vijay, mtu wa kawaida anayejifanya Don (wote wawili ni Amitabh), anavyorukaruka pale: Don halisi asingecheza hivyo hata kwa kupigwa. Ile ya Shah Rukh Khan ya 2006 iache hadi umalize hii, la sivyo utajiharibia zote mbili.

Amar Akbar Anthony, 1977, ni ya sikukuu, nyumba ikiwa imejaa. Ndugu watatu wanapotezana utotoni. Mmoja analelewa na Wahindu, mmoja Waislamu, mmoja Wakristo. Mapema tu wote watatu wanamtolea damu mama mmoja kwa mpigo bila kujua ni mama yao, na damu inapanda juu kwenye mpira. Ukiwa na nesi ndani ya nyumba atapiga kelele. Mwambie asubiri, mwongozaji Manmohan Desai hakuwa anafundisha udaktari.

Bobby wengi wanaisifu. Mimi nasikiliza nyimbo zake tu.

Kuhusu nakala: kabla hujaanza, tazama muda. Sholay inavuka saa tatu. Ukikuta ya saa mbili na nusu, kuna mtu amekata, na kwa kawaida amekata nyimbo. Tafuta pia nakala ambayo maandishi ya chini yanatafsiri na nyimbo, si mazungumzo peke yake. Sholay ina miisho miwili: katika ule wa kwanza Thakur, aliyekatwa mikono na Gabbar, anammaliza Gabbar kwa miguu yake, wakaguzi wa filamu wakakataa, ndipo polisi wakaingizwa. Mimi nautaka ule wa kwanza.

Na kama saa tatu zinakushinda, simama kwenye mapumziko. Picha hizi zilitungwa kwa vipande viwili, mtu atoke akanunue karanga, na maandishi ya mapumziko bado yapo kwenye nakala nyingi. Zima hapo, malizia kesho. Ukisimama popote pengine utakuwa umekata katikati ya pumzi ya mwandishi.

Ukichoka na risasi, kuna Chupke Chupke ya Hrishikesh Mukherjee, ya mwaka huohuo 1975, Dharmendra na Amitabh walewale wa Sholay, safari hii wakimzungusha shemeji mmoja anayejiona anajua kila kitu. Hakuna anayekufa.