Kwa nini Medea wa Pompeii haonyeshwi akiwachinja watoto

Mdau uliyeuliza mbona Medea kwenye michoro ya ukutani ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, amesimama tu wakati hadithi ya Kigiriki inasema aliua wanawe baada ya mumewe Jason kumwacha, jibu ni kwamba mchoraji kakusudia kukuonyesha dakika ya kabla. Ule wa nyumba iitwayo ya Dioscuri, hapo Pompeii, watoto wanacheza zao vifupa mezani hawana habari, mzee anayewalea yuko mlangoni anawaangalia, na mama yao kashika upanga ambao hajauchomoa bado. Ukiuangalia na ule wa Herculaneum, mji jirani, ndo utachoka kabisa, pale kabaki Medea peke yake, upanga kauegemeza mkononi na vidole vya mikono yote kavishikanisha kwa nguvu, macho yanaangalia pembeni, yaani unaona kabisa mtu anagombana na nafsi yake: hasira ya kuachwa na Jason upande mmoja, watoto upande mwingine. Yote miwili iko makumbusho ya Naples siku hizi.

Wengi wanaona michoro hii imeiga mchoro wa Medea wa Timomachus wa Byzantium, mchoraji wa Kigiriki, ambao mwandishi wa Kirumi Pliny anasema Julius Caesar aliununua pamoja na wa shujaa Ajax kwa talanta 80 akauweka hekalu la Venus, hela ndefu hiyo jamani.

Ila sio wachoraji wote walikuwa wapole hivyo. Kuna chungu cha kusini mwa Italia, kama mwaka 400 KK, kiko makumbusho ya Cleveland Marekani, humo kazi imeshaisha, watoto wamelala wafu juu ya madhabahu na Medea anapaa na gari la majoka, Jason yuko chini anatazama tu.