Uliza Maalim: Riwaya ni uongo au ni historia yetu?

*Asalam alaykum maalim. Sisi kina mama wa Wete tunakutana baada ya alasiri tunasoma kitabu pamoja, sasa tumegawika, nusu wanataka riwaya, nusu wanasema riwaya ni uongo mtupu bora historia na dini. Tunataka mambo yetu wenyewe, mapenzi yawemo, imani iwemo, na maafa yalotupita. Tuanze na kipi? (Msomaji, Wete)*

Waalaykum salaam mwanangu. Msigawike, someni viwili viwili, riwaya kimoja na cha historia kimoja, mana hapa kwetu kuna mambo wazee hawakuyataja hata mbele ya watoto wao, aloyasema ni mtunzi wa riwaya kwa mdomo wa mtu wa kubuni. Anzeni na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin kaozeshwa Bwana Raza bado mtoto, anamkimbia, kwao wanamkataa, anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo, kisha anampenda Denge ambae Waingereza wanamsaka kwa siasa zake. Mapenzi tele, lakini ukimaliza ushajua Unguja ya mkoloni ilikuwaje na nani aliruhusiwa kumpenda nani. Halafu Kuli, ya huyo huyo Adam Shafi, ya mgomo wa makuli wa bandarini 1948. Upande wa historia wekeni Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Harith Ghassany, kilotoka 2010, cha Mapinduzi ya 1964. Hicho kitawagombanisha, na mgombane tu, ila mkisome kizima kwanza.

Na hao wanaotaka dini, wapeni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa hapa hapa Unguja, alopewa Nobel 2021, kaitafsiri Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, anasafiri na misafara ya bara, Wajerumani nao ndo wanaingia nchi. Mke wa tajiri anamtaka, mpaka shati kuchanwa kwa nyuma limo. Sasa fungueni Surat Yusuf, yenye kisa kama hicho, kwenye tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ya 1969, msome kurasa kwa kurasa mpaka mwisho wa vyote viwili, muone wapi Gurnah kaifuata na wapi kaiwacha. Hayo ndo mazungumzo ya baraza nnayoyataka mimi! Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mtoto wa Pemba, iekeni baadae.

*Maalim, kaka yangu alikuwemo kwenye meli ilozama Nungwi Septemba 2011 ikija Pemba. Vitabu vya maafa nnavyoviona vyote vya nchi za watu. Wetu hawakuandika? (Msomaji, Mkoani)*

Mungu amrehemu kaka yako, na Mtume katwambia aliekufa maji ni shahidi, lishike hilo. Wetu wameandika, tena kwa ushairi. Tafuta diwani ya Haji Gora Haji wa Tumbatu, Kimbunga, ya 1994. Shairi lenyewe la kimbunga ni fupi, mibuyu inang'oka, minazi inabaki, na hakuelezi kwa nini, anakuwacha na huo mshangao, na mimi nnaona mtu mwenye msiba anakuwa hapo hapo hasa, hataki kuelezwa. Kisome kwa sauti, na mtu wa nyumbani awepo. Ukitaka na historia, soma habari za kimbunga cha Aprili 1872, kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na ndo mana karafuu zikawa za Pemba mpaka leo.

*Shikamoo maalim. Baba hataki nisome kitabu cha Bibi Salme kwa vile alibatizwa. Alikimbilia mapenzi au aliikimbia dini? (Mwanafunzi, Mkunazini)*

Marahaba. Mwombe baba msome pamoja, usimfiche. Salme, binti wa Seyyid Said alokuwa sultani wa Unguja, kazaliwa Mtoni 1844. Wasichana walifundishwa kusoma msahafu, si kuandika, yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, na ujuzi huo ndo ulomtia matatani 1859, kaka yake Barghash alimfanya karani wa njama dhidi ya kaka yao Majid alokuwa sultani. Mwaka 1866 akaondoka na mimba ya Mjerumani Heinrich Ruete, 1867 kule Aden akabatizwa na kuolewa siku moja, 1870 mumewe akauliwa na tramu Hamburg, akabaki ugenini na watoto watatu. Kitabu kakitoa 1886, na humo anaisifia funga na Idi za kwao na kuwakemea Wazungu wanaotudharau, kwa hiyo mimi nnasema alikimbilia mapenzi, na moyo wake ulibaki huku. Lakini utumwa anautetea, na hapo usimfuate hata hatua moja. Kisome na kitabu cha Profesa Abdul Sheriff cha 1987 cha watumwa, viungo na pembe za ndovu. Ni cha Kiingereza kizito, kaa na mwalimu wako wa historia skuli mkipitie sura moja moja.