Ukungu usoni haumfichi mtu kwa jirani zake

Swali: Natengeneza dokumentari ya dakika 26 kuhusu mama mmoja wa huku Handeni anayeishi na VVU. Alifukuzwa kwenye chumba alichopanga baada ya habari zake kuvuja. Fomu ya idhini ameshasaini. Wafadhili wanataka tuionyeshe hapa wilayani mwezi ujao, kisha iwekwe YouTube. Naomba kujua, kwenye DaVinci Resolve, programu ninayohariria video, ukungu wa usoni niuweke wa kiwango gani ili asitambulike? Na sauti niishushe semitoni (ngazi za mlio) ngapi? Kuna jamaa wa Dar ana programu ya akili mnemba ya kuficha sura, anataka shilingi 150,000. Niichukue? (Msomaji, Handeni)

Jibu: Nikuulize kwanza: unataka nani asimtambue?

Maswali ya namna hii yananijia kila mara, na yote yanauliza ukungu uwe mzito kiasi gani, kama vile adui ni mtu wa Helsinki atakayekesha na kompyuta akiichambua sura. Mtu wa Helsinki hamjui, na hata akimwona waziwazi hana la kumfanya. Wa kumdhuru ni mwenye nyumba mpya, wifi yake, muuza genge anayemkopesha nyanya, mwalimu wa darasa la mwanawe. Hao hawahitaji uso. Wanamjua kwa mwendo, kwa namna anavyoshika kiuno akitaka kuinuka, kwa kikohozi. Wanamjua kwa kanga. Ukimpiga picha amejifunga kanga ambayo jina lake linasomeka, ukungu wako ni bure, kwa sababu wanawake wa mtaa mmoja wanajua kanga ipi ni ya nani bila kuuliza.

Nalisema hili kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilitengeneza filamu fupi ya mama aliyetibiwa fistula. Uso niliuziba kwa miraba mikubwa, jina nikabadilisha, nikalala usingizi. Tukaionyesha kijiji cha pili kutoka kwake, shuka jeupe limetundikwa kwenye ukuta wa ghala, jenereta inanguruma. Hazijaisha dakika tatu, mtoto mmoja aliyekaa mkekani mbele kabisa akapaza sauti: "Yule si mbuzi wa kina fulani!" Akautaja ukoo. Kweli, nyuma ya yule mama alikuwa amepita mbuzi mwenye sikio lililochanika. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kisha minong'ono ikaanza. Wiki tatu nilizokaa nikihariri, huyo mbuzi sikuwahi kumwona hata mara moja. Macho yangu yalikuwa kwenye miraba.

Kwa hiyo kazi ya kumficha mtu hufanyika siku ya kupiga picha, na mahali pa kupigia ndipo panapoamua mengi. Usimhoji kwake. Mtoe hapo, mpeleke chumba cha kukodi ambacho hakuna mtu wa mtaa wake aliyewahi kukiona, avae nguo ambazo si zake, na pete na bangili avue. Piga mikono, ingawa mkono nao una kovu, una hina, una kucha iliyopondwa na mchi. Sikiliza vilevile. Maikrofoni ikinasa adhana ya msikiti wenye muadhini mwenye sauti yake, au konda anayeita vituo, umeshataja mtaa.

Wengi hukimbilia kumweka mgonjwa mbele ya dirisha ili abaki kivuli cheusi. Ni njia nzuri ikifanywa sawasawa. Lakini kamera za siku hizi zinahifadhi mengi ndani ya hicho cheusi. Mtu akiinua mwanga wa sehemu zenye giza kwenye kompyuta, pua na macho vinajitokeza. Jaribu wewe mwenyewe kabla mhojiwa hajafika: mketishe msaidizi wako, rekodi, kisha pandisha mwanga mpaka mwisho. Ukimwona, punguza mwanga wa mbele, jaribu tena.

Sasa hicho kiwango cha ukungu unachokitaka. Ukungu wa kisanii, ule mwepesi wa kupendeza, usiutegemee. Mwaka 2007 mhalifu mmoja aliyekuwa ameivuruga sura yake kwenye picha kwa mzunguko kama wa maji ya kisimani alirudishiwa sura yake na wataalamu wa polisi wa Ujerumani, Interpol wakaisambaza, na haikuchukua muda akakamatwa Thailand. Safari ile ilikuwa heri. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa inaweza kuzitambua nyuso zilizofichwa kwa miraba ya kawaida. Kama huna budi kuficha wakati wa kuhariri, ziba kwa rangi moja isiyopitisha kitu, na uzibe kichwa chote pamoja na masikio na mtandio. Halafu kagua fremu moja moja, yaani kila picha tuli inayounda video. Sekunde moja ya video yako ina fremu 25, na mama akigeuka ghafla kumwangalia mtoto, kifuniko huchelewa. Fremu mbili tu zinatosha, maana YouTube inamruhusu yeyote kusimamisha na kusogeza fremu kwa fremu.

Sauti usiishushe. Ukishusha semitoni nne, mwenye nia atapandisha semitoni nne, na mama atasikika kama alivyo. Hata asipofanya hivyo, lafudhi na vituo vya pumzi vinabaki palepale. Andika maneno yake, mpe mwanamke mwingine ayasome, na umweleze mtazamaji kwamba sauti ni ya msomaji. Utaambiwa filamu imepungua uzito. Acha ipungue.

Jamaa wa Dar mwache na programu yake. Kifuniko kinachofuata uso kimo ndani ya Resolve uliyonayo, anakuuzia chako. Zaidi ya hapo, muulize hizo picha zinachakatwa wapi. Nyingi ya hizi programu hupeleka video kwenye kompyuta za mtu mwingine, yaani uso wa wazi wa mama huyo unasafiri kwanza ndipo ufichwe. Njia ya kumvalisha mtu sura ya mwingine kidijitali ipo kweli. Filamu moja ya Marekani ya mwaka 2020 kuhusu watu waliokimbia mateso Chechnya, huko Urusi, iliitumia, na watu waliojitolea waliazima nyuso zao kwa idhini. Ilikuwa kazi ya kikosi cha wataalamu, si ya laki na nusu na kifurushi cha wiki.

Na picha mbichi je, ziko wapi? Kadi iliyotoka kwenye kamera ikabaki kwenye begi ina kila ulichokificha. Hamishia kwenye diski yenye nywila, futa kadi, na mfadhili akitaka "vipande vichache" kwa WhatsApp, kataa.

Nimefika kwenye fomu, na hapa uvumilivu wangu huisha. Fomu yako naijua kabla sijaiona: ukurasa mmoja wa Kiingereza, "duniani kote, kwa vyombo vyote, milele", na chini dole gumba. Watengeneza filamu wa siku hizi wanaipakua mtandaoni na kuining'iniza shingoni kama hirizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Inataka idhini ya maandishi, sawa, lakini pia inampa mwenye taarifa haki ya kuiondoa idhini hiyo wakati wowote, bila kueleza sababu. Ile "milele" haina meno. Wakenya wana sheria yao ya 2019, na huko pia idhini inaweza kuondolewa. Sasa niambie, mama akikupigia Desemba akasema ameolewa na hataki tena, utaifuta vipi video ambayo imeshapita kwenye magrupu arobaini?

Maana haitakaa YouTube ikasubiri watu wema. Ushuhuda wa mgonjwa ni mali sokoni. Wapo wauza dawa wanaokata vipande vya filamu kama yako, wanaweka sauti yao juu, na mgonjwa aliyekuwa anasimulia dhuluma anageuka "aliyepona kwa chupa tatu". Mteja anaamini, anaacha dawa za kufubaza virusi. Tuliyaona Loliondo mwaka 2011, kijiji cha Samunge, wakati watu walipopanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kutafuta kikombe cha dawa ya "Babu", mchungaji mstaafu aliyedai inaponya maradhi sugu, kwa shilingi 500. Kamera zilikuwa nyingi. Watu wakahojiwa nyuso wazi, wakataja maradhi yao, wengine wakasema wamepona UKIMWI. Waliowahoji walirudi mjini na habari zao. Waliohojiwa walirudi vijijini kwao, kila mtu ameshajua. Sisi wa kamera hatujawahi kukaa chini tukaulizana vizuri juu ya siku zile, na kila ninapoona tangazo la mfadhili lenye mama analia huku majina yake mawili yameandikwa chini, naona hatuna mpango wa kuulizana.

Kwa kazi yako ya sasa, mwombe mama akae na wewe na kompyuta, mlango umefungwa, aitazame yote kabla ya mfadhili. Aje na mtu mmoja anayemwamini na anayeijua hali yake tayari. Mwambie huyo mtu asitazame uso, atazame vingine vyote: ukuta, ndoo, mtoto anayepita, mbuzi. Kila atakachosema "hiki ni chao", kikate, hata kikiwa ndicho kipande ulichokipenda. Kisha umuulize mama upya kama bado anataka, na umwache siku kadhaa bila kumpigia. Mwezi ujao hamtawahi. Mfadhili akilalamika kwamba bajeti inafungwa Juni, hayo ni ya mhasibu wake.

Handeni msionyeshe kabisa. Anzieni Mtwara.