Bima ya mwenye nyumba haikulindi wewe mpangaji

Ndugu, umeuliza kama mpangaji wa vyumba viwili Uyole ana haja ya bima wakati nyumba si yake. Anayo, tena sana. Bima ya mwenye nyumba hulipia kuta na bati. Friji, godoro na cherehani yako havimo. Na baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya inaingiza majiko ya mkaa vyumbani! Tulioona soko la Mwanjelwa lilivyoungua 2006 hatuhitaji kuelezwa.

Ulizia bima ya vitu vya ndani, na kama inagusa wizi na hasara utakayomsababishia mwenye nyumba. Wakala awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Piga picha vitu, tunza risiti. Thamani usiishushe ili ulipe kidogo: ukikatia nusu, fidia nayo hupunguzwa.