Maswali yenu: nani hasa aliyaangusha maduka ya video?

Je, ni kweli Netflix ndiyo iliyoiua Blockbuster?

Kwa sehemu tu. Blockbuster, kampuni ya maduka ya kukodisha filamu, ilianzia Dallas, Marekani, mwaka 1985, na kufikia 2004 ilikuwa na maduka kama 9,000. Wakati huo Netflix ilikuwa bado inatuma diski kwa posta; kuonyesha filamu kwa intaneti ilianza mwaka 2007. Jambo la 2004 lisilosemwa vya kutosha ni hili: Viacom, kampuni iliyoimiliki, ilipoamua kuachana nayo, wenye hisa walilipwa kwanza gawio maalumu la dola 5 kwa kila hisa, yaani kama dola milioni 905 kwa jumla. Fedha hizo zilikopwa, na deni likabaki kwa Blockbuster.

Kwa hiyo iliingia kwenye mashindano magumu kuliko yote ya maisha yake ikiwa imebeba deni la karibu dola bilioni moja. Hata hivyo ilijitahidi. Ilifungua huduma yake ya kuagiza diski mtandaoni, na baadaye ikamruhusu mteja kurudisha diski ya posta dukani na kuondoka na nyingine papo hapo, jambo ambalo Netflix haikuweza kulifanya. Mwaka 2007 mkurugenzi John Antioco aliondoka baada ya mvutano na mwanahisa mkubwa, Carl Icahn, na uongozi mpya ukarudisha nguvu kwenye maduka. Septemba 2010 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Faini za kuchelewesha kanda zilikuwa na uzito kiasi hicho?

Zilikuwa nguzo ya biashara. Mwaka 2000 Blockbuster ilikusanya karibu dola milioni 800 kwa faini, kama asilimia 16 ya mapato yake. Fikiria biashara ambayo sehemu kubwa namna hiyo ya mapato inatokana na mteja kuudhika! Ilipotangaza mwaka 2005 kwamba imezifuta, aliyechelewa zaidi ya wiki alikuta ametozwa bei kamili ya filamu, na akiirudisha anakatwa ada ndogo. Majimbo mengi yalilalamika kwamba tangazo hilo lilipotosha watu, na kampuni ikakubali kulipa na kuwarudishia baadhi ya wateja fedha zao.

DVD ilikuwa nafuu na haichukui nafasi. Ingewezaje kuyaumiza maduka ya video?

Kwa sababu ya unafuu huohuo. Enzi ya kanda, studio ziliuza nyingi ya filamu mpya kwa bei ya juu, mara nyingi zaidi ya dola 60 kanda moja. Mtu wa kawaida hawezi kununua kwa bei hiyo, basi anakodi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Blockbuster ilipata mpango mzuri zaidi: ilichukua kanda kwa dola chache, kisha ikagawana na studio mapato ya kukodisha. Ndipo rafu zikajaa nakala za filamu mpya, na wenye maduka madogo, ambao wengi hawakupata masharti hayo, wakabaki wakilalamika. Nadhani walikuwa na haki ya kulalamika.

DVD ilipoingia Marekani mwaka 1997, studio zililenga mnunuzi wa nyumbani tangu mwanzo. Diski zikauzwa Walmart kwa dola 20 au chini yake. Mteja akaona heri anunue yake, asihangaike kuirudisha. Haya yote yalitokea kabla ya mtu kutazama filamu kwenye simu.

Nina kadi ya zawadi ya duka linaloyumba. Nifanyeje?

Itumie leo. Duka likifilisika, wewe ni mdai usiye na dhamana, na unasimama nyuma ya benki kwenye foleni ya kulipwa.

Toys "R" Us nayo iliangushwa na intaneti?

Ushindani wa Amazon na Walmart ulikuwepo, ila kampuni hii ya maduka ya vitu vya kuchezea watoto ilikuwa na jeraha kubwa zaidi. Mwaka 2005 kampuni za uwekezaji za KKR, Bain na Vornado ziliinunua kwa dola bilioni 6.6, nyingi zikiwa za mkopo uliowekwa juu ya kampuni yenyewe. Kila mwaka mamia ya mamilioni ya dola yakaenda kulipia deni, fedha ambazo zingekarabati maduka na kujenga tovuti bora. Iliomba ulinzi wa mahakama Septemba 2017, na Juni 2018 maduka yake ya Marekani yakafungwa. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 walipoteza ajira bila kiinua mgongo. Ni baada ya wao kuandamana na kupaza sauti ndipo KKR na Bain wakatoa dola milioni 20 za kuwasaidia. Ukiligawa fungu hilo kwa idadi yao, kila mmoja hafikii hata dola 700.

Kuna maduka ya video yaliyobaki?

Yapo machache. Blockbuster ya mwisho duniani iko Bend, Oregon. Ninaloliona muhimu zaidi ni Scarecrow Video la Seattle, ambalo tangu 2014 linaendeshwa bila faida, likiwa na filamu zaidi ya 140,000. Sheria ya Marekani inamruhusu aliyenunua diski kuikodisha bila kuomba ruhusa ya studio, ilhali filamu ya mtandaoni huhitaji mkataba, na mkataba ukiisha filamu inatoweka. Kuna filamu zilizotolewa kwa kanda tu ambazo hutaziona mtandaoni kamwe. Scarecrow wanazo rafuni, na wanakodisha hata kwa posta.