Maswali ya Wasomaji: Mkono Ulionaswa na Rola za Miwa

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mdogo wangu alikuwa akilisha miwa kwenye mashine ya kukamulia katika kiwanda kidogo cha sukari nguru huku Muhoroni. Miezi minane iliyopita, alfajiri, rola zilimnasa mkono wa kulia, na kabla mwenzake hajafika kwenye injini kuizima, vidole vitatu vilikuwa vimesagika, hospitalini vilikatwa. Mwenye kiwanda alilipa gharama za siku ile ya kwanza, kisha akanyamaza. Juzi alimwita akampa shilingi 40,000 pamoja na karatasi ya kutia sahihi kwamba hana madai mengine. Anasema kuwa mdogo wangu ni kibarua wa shilingi 600 kwa siku, hana barua ya kazi, tena alikwisha kukatazwa kusukuma miwa kwa mkono na hakuwa amevaa glavu. Kuna pia kijana anayekuja nyumbani kila wiki akitaka kumpeleka kwa wakili wafungue kesi. Tufanyeje?
Dada mkubwa, Muhoroni

JIBU: Pole sana, dada, na umfikishie mdogo wako pole zetu. Asitie sahihi karatasi hiyo. Tunalitanguliza hili kwa sababu mambo mengine yote yanaweza kurekebishwa juma lijalo, lakini sahihi ikishawekwa, mtahangaika miaka mkieleza iliwekwaje.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni hiyo miezi minane. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inataka dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwajiri naye alipaswa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku saba baada ya kujua kwamba mfanyakazi wake ameumia, na kwa maelezo yako hatudhani kwamba alifanya hivyo. Msimngoje. Nendeni katika ofisi ya idara hiyo mjini Kisumu, mwombe fomu ya DOSH/WIBA 1, ambayo ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari, na mwajiri akikataa kujaza sehemu yake, waelezeni maafisa hapo hapo. Chukueni karatasi za hospitali, risiti zote hata za dawa za dukani, na majina ya waliokuwa zamu ile, mnyapara akiwemo. Wengine hukimbilia kituo cha polisi kutafuta fomu ya P3. Hiyo si fomu ya dai hili.

Kuhusu kutokuwa na barua ya kazi, hilo halimwondolei mwajiri wajibu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kama kuna daftari la malipo, au ujumbe wa simu wa pesa alizotumiwa, vitunzeni.

Sasa tuitazame hiyo 40,000. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, sheria inahesabu mapato ya miezi 96. Kwa ulemavu wa sehemu ya mwili, hutolewa asilimia ya kiasi hicho kulingana na jedwali la sheria na tathmini ya daktari. Tuchukulie kwamba mdogo wako alifanya kazi siku 25 kwa mwezi, yaani alipata shilingi 15,000. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akikadiria, kwa mfano tu, asilimia 20, fidia ni shilingi 288,000, na huo ni mkono wa kulia wa mtu anayeishi kwa mikono. Juu ya hapo kuna gharama za matibabu, ambazo ni za mwajiri, na malipo ya muda ambao hakuweza kufanya kazi, yasiyozidi miezi 12.

Huyo kijana wa wakili mwambieni asubiri. Mnamo Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii, na dai huanzia kwa Mkurugenzi, wala si mahakamani. Wakili atafaa baadaye, ikiwa hamtaridhika na uamuzi na mkataka kuupinga. Pingamizi hupelekwa kwa Mkurugenzi huyo huyo ndani ya siku 60, kisha rufaa huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hoja ya glavu imetuudhi kidogo. Mbele ya rola zinazozunguka glavu ni hatari, kwa maana kitambaa ndicho kinachokamatwa kwanza na kuuvuta mkono mzima. Kinachomlinda mlishaji ni mdomo mrefu wa kulishia miwa, mrefu kiasi kwamba mkono haufiki kwenye rola, pamoja na swichi au kamba ya kuzimia iliyo karibu naye, si injini ambayo mtu mwingine anaikimbilia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwenye mashine azikinge sehemu zake za hatari. Mwulizeni mwajiri huyo kingo yake ilikuwa wapi, na mwelezeni afisa jibu lake.

SWALI: Katika karakana yetu ya mbao msumeno ulimkata fundi kidole, nasi tukakitia moja kwa moja kwenye barafu. Daktari alitulaumu. Tulikosea wapi?
Seremala, Nakuru

JIBU: Barafu ikigusa nyama huiharibu. Kwanza bana jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono mpaka damu ipungue. Kidole kisuuzwe taratibu kwa maji safi bila kusuguliwa, kifungwe katika shashi iliyoloweshwa kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya maji yenye barafu. Andikeni saa ya ajali juu ya mfuko, na msimpe majeruhi chakula njiani, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi mara tu atakapofika.